Maswali ya Wasomaji: Uchumi Umekua, Mbona Mfuko Hauna Habari?

Barua za toleo hili zinatoka pembe mbalimbali za Nairobi, na nyingi zinazunguka jambo moja: ukuaji wa uchumi unaotangazwa humfikia mwananchi kwa njia gani, na hukwamia wapi?

SWALI: Wahariri, hamjambo? Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Kariobangi. Natengeneza mageti, madirisha na grili. Nilisikia redioni kwamba uchumi wa Kenya ulikua kwa asilimia 4.7 mwaka 2024. Mwaka huohuo nilikaa wiki nzima-nzima bila oda. Hizi takwimu zinapikwa wapi?
Fundi, Kariobangi

JIBU: Hatujambo, fundi. Takwimu hiyo ni ya Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, na haikupikwa. Ila ni jumla, na jumla haimtaji mtu kwa jina. Ripoti iliyotoa hiyo 4.7 inaonyesha pia kwamba sekta ya ujenzi haikukua kabisa mwaka huo. Ilinywea kwa asilimia 0.7. Hoteli na mikahawa iliruka kwa asilimia 25.7, kilimo kikapanda kwa 4.6. Sasa geti huagizwa na nani? Na anayejenga. Naye hununua saruji, mawe na mabati kwanza, geti analiacha mwisho, na akiishiwa njiani anaziba pengo kwa mabati makuukuu. Kwa hiyo ujenzi ukilegea kidogo, wewe unalegea sana. Ulichokiona kibandani kwako na kilichoandikwa na KNBS ni kitu kimoja.

Kabla ya kulinganisha mfuko wako na 4.7, ondoa vitu viwili. Kwanza idadi ya watu: Wakenya huongezeka kwa takriban asilimia 2 kila mwaka, hivyo ukuaji kwa kila kichwa ni kama 2.7. Gawanya 70 kwa 2.7 upate miaka ya pato kuongezeka maradufu: karibu 26. Pili, bei. Hiyo 4.7 imeshaondolewa mfumuko wa bei, lakini noti zako hazijaondolewa. Kama faida yako ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwezi mwaka 2023, na mfumuko wa 2024 ulikuwa wastani wa asilimia 4.5, ulihitaji 31,350 ili ubaki palepale. Aliyepata 31,000 amerudi nyuma huku akidhani amesonga. Na hesabu ifanywe kwa faida, si kwa mauzo: toa vyuma, rodi za kuchomelea, diski za kukatia, tokeni za stima, kodi ya kibanda na mshahara wa kijana anayekusaidia.

Kuna jambo jingine ambalo wanasiasa hulipita haraka. Mwaka 2024 ziliongezeka nafasi za kazi takriban 782,000, na karibu tisa katika kila kumi zilikuwa za jua kali. Kazi ya jua kali ni kazi, hatuidharau. Lakini nyingi huzaliwa kwa kugawana wateja walewale. Kibanda cha pili cha kuchomelea kikifunguliwa kando ya chako, serikali imehesabu ajira mpya, wewe umehesabu oda zilizohama.

Ushauri wetu: fuata pesa ilikokwenda. Mikahawa inahitaji meko, rafu, meza za chuma na stendi za matangi. Wafugaji wa Kiambu na Kajiado wanahitaji vizimba vya kuku, hori za kulishia na mashine za kukatia majani. Chombo chako ni kilekile, mteja ndiye amebadilika.

SWALI: Wanafunzi wangu wa kidato cha nne wameniuliza: maskini ni nani hasa kwa mujibu wa serikali? Je, ni yule anayeishi chini ya dola tatu kwa siku?
Mwalimu, Eastleigh

JIBU: Mwalimu, kuna mistari miwili ya umaskini, na magazeti huichanganya kila wiki. Wa dola tatu ni wa Benki ya Dunia, ulioanza kutumika Juni 2025 badala ya ule wa 2.15. Kosa la kawaida ni kuchukua dola tatu na kuzizidisha kwa bei ya dola ya leo. Dola hizo hupimwa kwa nguvu ya ununuzi, yaani kwa kile ambacho pesa inanunua hapa kwetu, na kwa kuwa sukuma na kinyozi ni rahisi hapa kuliko Marekani, kiasi halisi kwa shilingi ni kidogo sana kuliko jibu la kuzidisha.

Mstari wa Kenya hutengenezwa hivi. KNBS huanza na chakula kinachompa mtu mzima kalori 2,250 kwa siku, kwa bei ambazo watu wenyewe hulipa. Kisha huongeza mahitaji mengine ya lazima. Katika utafiti mkubwa wa kaya wa 2015/16, mstari ulikuwa shilingi 3,252 kwa mtu mzima kwa mwezi mashambani na 5,995 mijini. Watoto huhesabiwa kama sehemu ya mtu mzima: aliye chini ya miaka mitano ni 0.24, wa miaka 5 hadi 14 ni 0.65, kuanzia 15 ni mtu kamili.

Waandikie darasa mfano ubaoni. Baba, mama, watoto wa miaka 3, 9 na 12. Jumla: 1 + 1 + 0.24 + 0.65 + 0.65 = 3.54. Zidisha kwa 5,995, unapata takriban shilingi 21,222 kwa mwezi kama familia hiyo iko Nairobi. Sehemu ya chakula pekee ilikuwa 2,551 kwa mtu mzima mjini, maana yake familia hii ilitakiwa kula kwa karibu shilingi 301 kwa siku, watu watano. Wanafunzi watacheka, halafu watanyamaza. Waambie pia kwamba hizo ni bei za miaka ile na haziwezi kutumika leo bila kupandishwa.

Kinachopimwa ni matumizi, si mshahara. Mahindi uliyovuna mwenyewe yanahesabiwa, na chakula ulichopewa na jirani pia. Sababu ni ya kiutendaji: mama mboga hawezi kukumbuka mapato ya mwezi mzima, lakini anakumbuka alichopika.

Kwa kipimo hicho, asilimia 36.1 ya Wakenya walikuwa maskini mwaka 2015/16: Nairobi 16.7, Turkana 79.4. Mwaka 2022 kiwango cha taifa kilikuwa 39.8, baada ya korona na ukame. Tahadhari moja tu. Asilimia haisemi mtu yuko chini ya mstari kwa kina gani. Mradi ukiwachagua waliopungukiwa na mia mbili tu ukawavusha, takwimu itang'aa, na aliyepungukiwa na elfu tatu atabaki alipo. Ndiyo maana sisi huuliza kwanza pengo, kisha idadi.

SWALI: Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama 18 hapa Githurai, wengi wetu ni mama mboga. Tunakopeshana kwa asilimia 10 kwa mwezi, tunagawana Desemba. Baadhi wanasema mkopo wa simu ni nafuu kwa kuwa ni asilimia 8. Tuwajibu nini?
Mweka hazina, Githurai

JIBU: Mama, waulize maswali matatu: asilimia 8 ya nini, kwa siku ngapi, na ikishalipwa inakwenda kwa nani? Nane kwa siku 30 ni 96 kwa mwaka, kabla ya faini ya kuchelewa. Kumi yenu ni 120, kweli imezidi. Lakini riba ya chama inarudi kwa wanachama Desemba, ya simu imeondoka moja kwa moja. Kwa kulinganisha, sacco nyingi hutoza karibu asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio, na Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali uliozinduliwa Novemba 2022, ni 8 kwa mwaka mzima, ingawa mkopo wake wa mtu binafsi ulianza na muda wa siku 14 tu.

Hebu tazameni mnavyopiga riba. Mkopo wa 12,000 kwa miezi mitatu, riba 10, ikipigwa kila mwezi juu ya kiasi cha mwanzo ni 1,200 mara tatu, jumla 3,600. Ikipigwa juu ya salio, mwanachama akirudisha 4,000 kila mwezi, ni 1,200, kisha 800, kisha 400, jumla 2,400. Asilimia ni ileile, tofauti ni 1,200. Vyama vingi hutumia njia ya kwanza kwa sababu ni rahisi kuandika, si kwa sababu mtu alikaa akaichagua.

Je, biashara inabeba riba hiyo? Chukua mama mwenye stoki ya 5,000 kutoka soko la Marikiti: nyanya, vitunguu, sukuma, dania. Tuseme inaisha kwa siku tatu akiuza 6,500. Faida ghafi 1,500. Toa nauli na mkokoteni 400, nyanya zilizopondeka 300, abaki na 800. Kwa mizunguko kumi ni kama 8,000 kwa mwezi. Riba ya 500 inalipika bila jasho. Tatizo huja anapokopa 5,000 nyingine ili aongeze stoki maradufu. Wateja wa ploti hiyo ni walewale, na hawatakula nyanya mara mbili kwa sababu mama amekopa. Stoki inaisha kwa siku sita, zinazooza zinazidi, na riba imepanda hadi elfu moja.

Hapo ndipo mikopo midogo ilipogonga mwamba duniani. Tafiti sita zilizochapishwa pamoja mwaka 2015, za Bosnia, Ethiopia, India, Meksiko, Moroko na Mongolia, zilikuta kwamba mikopo hiyo iliwasaidia watu kupanga matumizi na kupanua biashara kidogo, lakini kwa wastani haikuinua kipato cha kaya kwa namna ya kujivunia. Mkopo unafaa pale ambapo kilichokosekana ni mtaji. Kilichokosekana kikiwa mteja, mkopo ni mzigo. Na mteja wa mama mboga ni nani kama si yule fundi wa Kariobangi asiye na oda?

Kwa chama chenu: pigeni riba juu ya salio. Mkopo usizidi mara tatu ya akiba ya mtu. Msikubali kamwe mwanachama alipe riba pekee na kuacha deni likizunguka, maana ndivyo chama hufa kikiwa bado kinakutana. Mikopo yote ifungwe kufikia mwisho wa Oktoba, vinginevyo Desemba mtagawana madeni ya kwenye daftari. Wekeni sehemu ya riba, hata kumi kwa mia, kama kinga ya mgonjwa au msiba. Mkopo wa karo uandikwe ukurasa wake, kwa sababu karo haizai wiki ijayo, italipwa kutoka kwa biashara nyingine na muda wake lazima uwe mrefu.

SWALI: Kwetu Siaya watu waliwahi kupewa pesa taslimu bila kazi wala masharti. Si huku ni kuwazoesha uvivu?
Msomaji, Kibra

JIBU: Ndugu, hilo limepimwa, tena huko kwenu. Kati ya 2014 na 2017 zaidi ya kaya 10,500 maskini katika eneo la vijiji 653 zilipewa kila moja takriban dola 1,000 na shirika la GiveDirectly, na watafiti wakafuatilia waliopewa na wasiopewa. Watu hawakuacha kazi. Matumizi yalipanda hata kwa majirani ambao hawakupata senti, na kila dola iliyoingia ilizua shughuli za kiuchumi za karibu dola mbili na nusu eneo lile. Bei zilipanda kwa takriban asilimia 0.1 tu.

Mbona bei hazikulipuka? Kwa sababu vijijini kuna uwezo uliolala. Kinu cha kusaga mahindi hukaa nusu siku bila mteja, fundi cherehani yuko hapo ameegemea mashine. Wateja wakiongezeka wanafanya kazi zaidi bila kuhitaji mtambo mpya. Sehemu ambayo barabara hukatika mvua ikinyesha na duka ni moja, tusingetarajia matokeo hayo.

Usichanganye mpango huo na Inua Jamii ya serikali, inayotoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, kaya zenye mayatima, na watu wenye ulemavu mkubwa. Elfu mbili ni kama theluthi moja ya mstari wa mjini wa 2015/16. Si mtaji, ni unga na dawa. Na ubora wake wote uko katika kufika kwa wakati: mzee akicheleweshwa miezi mitatu hukopa dukani, pesa ikija inalipa deni. Kama una mzazi aliyefikisha umri, hakikisha jina kwenye kitambulisho, kwenye orodha ya mpango na kwenye akaunti ni lilelile hadi herufi. "Atieno" hapa na "Achieng" pale inatosha kusimamisha malipo.

SWALI: Tanzania ilikua kwa asilimia 6 hadi 7 miaka mingi. Umaskini ulishuka kiasi gani?
Mwanafunzi wa chuo kikuu, Nairobi

JIBU: Kidogo. Kutoka asilimia 28.2 mwaka 2011/12 hadi 26.4 mwaka 2017/18, na kwa kuwa watu waliongezeka, idadi ya maskini ilipanda kutoka kama milioni 12 hadi 14. Linganisha na Ethiopia: 44.2 mwaka 1999/2000, 29.6 mwaka 2010/11, 23.5 mwaka 2015/16, yote kabla ya vita vya 2020. Sehemu kubwa ya ukuaji wa Tanzania ilitoka kwenye ujenzi, madini, mawasiliano na benki, ambako maskini wachache hufanya kazi. Ethiopia ilimwaga maafisa wa kilimo vijijini, ikajenga barabara, na tangu 2005 ikaendesha mpango wa hifadhi ya jamii kwa kaya zenye njaa. Vietnam nayo, baada ya mageuzi ya 1986, iliwaachia wakulima mavuno yao, na kufikia 1989 ilikuwa inauza mchele nje. Viwanda vilifuata baadaye. Ukiandika tasnifu, usianze na viwanda.

SWALI: Nafanya kazi Ruai na kila mwaka natuma pesa za kulima ekari mbili za mama yangu Trans Nzoia. Mbolea tunaweka, lakini hatuvuki magunia kumi kwa ekari. Tunakosea wapi?
Msomaji, Ruai

JIBU: Barua hii tumeiacha mwisho kwa sababu ndiyo yenye pesa nyingi kuliko zote. Anza na udongo. Mashamba mengi ya Bonde la Ufa Kaskazini yamepandwa kwa DAP, mbolea ya kupandia, miaka nenda rudi, na mbolea hiyo huongeza uchachu. Udongo ukishakuwa chini ya pH 5.5 (pH ni kipimo cha uchachu), fosforasi unayonunua inashikwa na udongo na mahindi hayaipati. Chukua sampuli sehemu kumi hivi za shamba, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi, peleka nusu kilo kwenye maabara. Wakikuambia uweke chokaa ya kilimo, itiwe na kuchanganywa wiki kadhaa kabla ya kupanda, isimwagwe pamoja na mbolea, kwa sababu nitrojeni itapotea hewani.

Kisha hesabu mimea. Nafasi ya sentimita 75 kwa 25, mbegu moja kila shimo, inatoa kama mimea 21,500 kwa ekari. Mama akipanda kwa kukadiria hatua, anaweza kuwa na elfu kumi na mbili, na hakuna mbolea itakayofidia mashina ambayo hayapo. Mfuko mmoja wa kilo 50 wa kupandia kwa ekari, na mwingine wa CAN, mbolea ya kukuzia, mahindi yakifika magotini, udongo ukiwa na unyevu na palizi imeshafanywa. Mbolea ya ruzuku imeuzwa 2,500 kwa mfuko tangu 2023 kwa mkulima aliyejiandikisha. Tuma pesa ya CAN na ya palizi kando, kwa wakati wake. Ikitumwa yote Machi, kufikia Mei imeliwa, na hapo hatumlaumu mama.

Hasara kubwa inayofuata ni ya baada ya kuvuna. Mahindi yawekwe ghalani yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kama hakuna kipimo, chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia chumvi kavu na mahindi kidogo, funika, tikisa, ngoja dakika kumi na tano. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha mahindi juani juu ya turubai, si juu ya udongo. Huu si utani: mwaka 2004 sumukuvu, sumu ya ukungu wa mahindi yenye unyevu, iliwaua watu 125, hasa Ukambani. Yakikauka, tia kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ufukuze hewa yote kabla ya kufunga.

Halafu usiuze yote Desemba. Bei huwa chini kila mtu akivuna, hupanda kuelekea Mei na Juni, na familia nyingi huuza rahisi kulipa karo ya Januari kisha hununua mahindi ghali baadaye. Utafiti wa magharibi mwa Kenya uliochapishwa 2019 uliwapa wakulima mkopo wakati wa mavuno ili waweze kungoja, na ukakuta faida ya asilimia 29 juu ya pesa iliyowekezwa. Wewe uliye na mshahara unaweza kuwa huo mkopo: lipa karo ya Januari kutoka Ruai, mahindi yabaki ghalani. Hata hivyo usiweke yote hadi Julai, kwa kuwa mahindi ya Uganda, Tanzania au ya kuagizwa bila ushuru yakiingia, bei huanguka kwa wiki moja. Uza theluthi Februari, theluthi mwishoni mwa Aprili, na iliyobaki uamue baada ya kumpigia simu mama akuambie gorogoro (kopo la kupimia) imefika ngapi sokoni Kitale.